Ufa na Ukuta: Gharama ya Serikali ya Jimbo Kuratibu Maafa ya Hali ya Hewa, Odisha, India

Utangulizi

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi wetu huieleza kwa mfano wa nyumba au wa mgonjwa aliyechelewa kwenda hospitali. Katika makala haya tunakusudia kuipima kwa historia ya serikali moja. Tunauliza maswali matatu: kuziba ufa kunagharimu kiasi gani? Nani hulipa? Na je, ufa ukishazibwa, gharama huisha au huhamia mahali pengine?

Mfano wetu ni Odisha, jimbo lililoko mashariki mwa India, ambalo hadi mwaka 2011 jina lake rasmi liliandikwa Orissa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu wakazi karibu milioni 42. Pwani yake, yenye urefu wa takriban kilomita 480, inaikabili Ghuba ya Bengal, ambayo ni sehemu ya Bahari ya Hindi inayosifika kwa ubaya wa vimbunga vyake.

Tumeichagua Odisha kwa sababu mbili. Kwanza, India ni shirikisho la majimbo, na kwa desturi ya utawala wake jukumu la kwanza la kuwaokoa watu wakati wa maafa ni la serikali ya jimbo, huku serikali kuu iliyoko New Delhi ikichangia fedha, utabiri na wanajeshi. Kwa hiyo swali la nani aamue na nani alipe huonekana waziwazi. Pili, Odisha ilishindwa vibaya mwaka 1999, kisha ikabadilika katika muda usiozidi miaka 15. Ni nadra historia kutupa jimbo lile lile, bahari ile ile na upepo unaokaribiana, huku idadi ya waliokufa ikitofautiana kiasi hicho.

Kabla hatujaendelea, tuseme neno kuhusu istilahi. Sisi tuna tufani, neno lililotufikia kutoka Kiarabu, na Wahindi nao wana neno hilo hilo katika lugha zao, kwa kuwa lilisafiri pande zote za bahari pamoja na majahazi. Watu wa Odisha, ambao lugha yao ni Kiodia, kimbunga cha 1999 hukiita Mahabatya, yaani dhoruba kuu. Neno letu laki, kwa maana ya elfu mia moja, nalo ni la asili ya Kihindi, na msomaji atakayepitia taarifa za serikali ya Odisha atakuta watu wakihesabiwa kwa malaki. Hapa chini tutatumia kimbunga kwa upepo wenyewe, maafa kwa hasara inayowapata watu, na uratibu kwa kazi ya kuzifanya idara nyingi zitende jambo moja kwa wakati mmoja.

Somo la kwanza: ukame wa 1865 na njaa ya 1866

Historia ya uratibu wa maafa Odisha haianzi na upepo. Inaanza na mvua iliyokosekana. Mwaka 1865 mvua za mwisho wa msimu zilikatika mapema na mpunga ukakauka mashambani. Wakati huo Odisha ilitawaliwa na Waingereza kama sehemu ya utawala wa Bengal, na maamuzi makubwa yalifanywa Kalkuta. Kamishna wa Odisha alikuwa T. E. Ravenshaw, na mkuu wa serikali ya Bengal alikuwa Sir Cecil Beadon, ambaye aliitembelea Odisha mapema mwaka 1866.

Watawala hao waliamini kwamba biashara huria ingeleta chakula yenyewe, na kwamba serikali ikinunua mchele itavuruga soko. Kwa maneno mengine, waliona gharama ya kuingilia kati ni kubwa kuliko gharama ya kungoja. Walipotambua kwamba ghala za wafanyabiashara hazikuwa na akiba waliyoidhania, pepo za masika ya kusini-magharibi zilikuwa zimeanza na bandari ndogo za Odisha hazikuweza tena kupokea meli kwa usalama. Mchele ulioagizwa ulichelewa. Watu karibu milioni moja walikufa. Wenyeji waliiita njaa hiyo Na'anka, kwa kuhesabu mwaka wa tisa wa utawala wa mfalme wa Puri.

Linalotuhusu zaidi katika makala haya ni lile lililofuata. Serikali iliyokwisha kushutumiwa iliagiza takriban tani 40,000 za mchele, kwa bei inayokadiriwa kuwa mara nne ya bei ya kawaida. Hadi mavuno mapya yanapatikana, karibu nusu ya mchele huo ilikuwa haijatumika. Serikali iliyokataa kutumia fedha kidogo mapema ilitumia nyingi baadaye, na nyingi hizo hazikuwafufua waliokufa. Hapa methali yetu inatimia neno kwa neno, isipokuwa kwamba aliyeuacha ufa alikuwa mtawala, na aliyeangukiwa na ukuta alikuwa mkulima.

Mahabatya: Oktoba 1999

Tunaruka miaka zaidi ya 130. India sasa ni nchi huru, Odisha ni jimbo lenye bunge lake na kiongozi wa serikali yake, cheo kinachofanana na kile cha Waziri Kiongozi kilichokuwapo Zanzibar hadi mwaka 2010. Tangu 1990 kila jimbo lilikuwa na mfuko wa maafa ambao serikali kuu iliuchangia robo tatu na jimbo robo moja. Kwenye karatasi, basi, fedha zilikuwapo na wajibu ulikuwa umegawanywa.

Mnamo tarehe 17 na 18 Oktoba 1999 kimbunga kimoja kiliipiga wilaya ya Ganjam kusini mwa pwani. Watumishi wa serikali walikuwa bado wanahangaika na wahanga wa Ganjam wakati Idara ya Hali ya Hewa ya India ilipotoa tahadhari ya kimbunga cha pili. Tarehe 29 Oktoba kimbunga hicho kilifika nchi kavu karibu na bandari ya Paradip, kikiwa na upepo wa takriban kilomita 260 kwa saa. Bahari iliinuka mita kadhaa na kuingia ndani ya vijiji. Kisha kimbunga hakikupita. Kilikaa juu ya jimbo kwa zaidi ya siku nzima, kikimwaga mvua.

Watu karibu 10,000 walikufa, wengi wao katika wilaya ya Jagatsinghpur, hasa eneo la Ersama. Mamia ya maelfu ya ng'ombe na mifugo mingine waliangamia, na nyumba zaidi ya milioni moja ziliharibika au kubomoka. Simu zilikatika, miti ilizifunga barabara, na mji mkuu Bhubaneswar wenyewe ulikuwa gizani. Serikali iliyotakiwa kuratibu msaada haikujua nini kimetokea kilomita 100 kutoka ofisini kwake. Vijiji vingine vilingoja siku kadhaa kabla ya kuona mgeni yeyote mwenye chakula au maji safi.

Je, tatizo lilikuwa kukosekana kwa tahadhari? Sivyo kabisa. Watafiti Saudamini Das na Jeffrey Vincent walichunguza vijiji vya wilaya ya Kendrapara, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Waligundua kwamba vijiji vilivyokuwa na ukanda mpana wa mikoko kati yao na bahari vilipoteza watu wachache zaidi. Lakini waligundua pia kwamba tahadhari ya serikali iliokoa maisha mengi kuliko mikoko. Yaani hata katika mwaka ule wa kushindwa, neno lililotangulia upepo lilikuwa na thamani.

Kilichokosekana ni mahali pa kwenda baada ya kulisikia neno hilo. Pwani nzima ilikuwa na majengo 23 tu ya kujikinga na vimbunga, yaliyojengwa na Msalaba Mwekundu. Mtu aliyeambiwa ahame alijiuliza: nihamie wapi, kwa chombo gani, na nani atailinda nyumba yangu? Tahadhari isiyo na jibu la maswali hayo ni taarifa tu.

Halafu kulikuwa na mvutano wa siasa. Jimbo liliongozwa na chama cha Congress na serikali kuu na muungano ulioongozwa na BJP. Wakati maiti hazijazikwa, viongozi walibishana kama maafa hayo yatangazwe kuwa ya kitaifa, kwa sababu jina hilo lilikuwa na uzito katika kudai fedha. Waziri Kiongozi Giridhar Gamang aliondoka madarakani kabla ya mwaka kwisha, na katika uchaguzi wa mapema mwaka 2000 chama chake kikashindwa. Aliyechukua nafasi, Naveen Patnaik, angekaa katika kiti hicho hadi mwaka 2024.

Kununua uratibu

Mwezi Desemba 1999, miezi miwili tu baada ya Mahabatya, Odisha iliunda mamlaka maalumu ya maafa, ya kwanza ya jimbo lolote nchini India. India yenyewe ilipata sheria ya kitaifa ya kusimamia maafa mwaka 2005, miaka sita baadaye. Mwaka 2001 jimbo likaanzisha kikosi cha uokoaji wa haraka, kilichotoka katika polisi wake na kupewa boti, misumeno ya kukatia miti na mafunzo.

Tutazame sasa gharama hizo zilikuwa za aina gani, maana hapa ndipo wanafunzi wengi wa historia hupita haraka.

Ya kwanza ni majengo. Jengo la kujikinga la Odisha limeinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini, lina paa bapa la zege na mteremko wa kuwapandishia wazee, wagonjwa na walemavu. Kutoka 23 mwaka 1999, idadi ilipita 800 kufikia mwaka 2019. Fedha zilitoka katika hazina ya jimbo, serikali kuu, misaada na mikopo. Mradi mmoja wa kitaifa, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2010 kwa ajili ya Odisha na jirani yake Andhra Pradesh, ulipewa mkopo wa dola milioni 255. Mkopo hulipwa. Kwa hiyo sehemu ya bei ya usalama huo italipwa na watoto waliookolewa ndani ya majengo hayo.

Ya pili ni matunzo. Jengo lililofungwa kwa miaka minne likingoja upepo huota nyufa, hung'olewa milango na jenereta yake hukataa kuwaka. Odisha ilijibu tatizo hili kwa kuyatumia majengo hayo kama shule na kumbi za mikutano siku za kawaida, na kuyakabidhi kwa kamati za wanakijiji. Hapa sisi walimu tunapaswa kutega sikio: ubao na madawati ndivyo vilivyolifanya jengo la maafa libaki hai.

Ya tatu ni mazoezi. Kila mwaka kabla ya msimu wa vimbunga vijiji hufanya zoezi la kuhama. Siku ya zoezi mvuvi haendi baharini na kibarua hapati ujira. Hakuna kitabu cha hesabu cha serikali kinachoandika ujira huo.

Ya nne ni tahadhari isiyotimia. Mwezi Desemba 2021 kimbunga Jawad kilielekea Odisha, maandalizi yakafanywa, kisha kikapoteza nguvu kabla ya kufika pwani ya Puri. Mtu mwenye haraka atasema fedha zilipotea bure. Lakini mlinzi wa usiku halaumiwi kwa kuwa mwizi hakuja. Tatizo ni kwamba kila tahadhari isiyotimia hupunguza kidogo imani ya msikilizaji, na imani hiyo ndiyo hazina ambayo serikali hairudishi kwa mkopo wa benki yoyote.

Mtihani: Phailin 2013 na Fani 2019

Tarehe 12 Oktoba 2013 kimbunga Phailin kilifika karibu na Gopalpur, wilaya ya Ganjam, kikiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kabla hakijafika, watu karibu milioni moja walikuwa wamehamishwa. Waliokufa katika jimbo, pamoja na mafuriko yaliyofuata, hawakufika 50.

Tarehe 3 Mei 2019 ikaja zamu ya Fani, kilichoipiga Puri, mji mtakatifu wenye hekalu la Jagannath. Uchaguzi mkuu wa India ulikuwa bado unaendelea nchini, na kanuni za uchaguzi huzizuia serikali kutangaza misaada mipya. Tume ya Uchaguzi iliziondoa kanuni hizo katika wilaya 11 za Odisha ili kazi ya uokoaji isikwame. Tarehe 30 Aprili, siku tatu kabla ya upepo, serikali kuu ilikuwa imekwisha kuyapa majimbo manne ya pwani rupia bilioni 10.86 kama fedha za awali, na karibu bilioni 3.4 kati ya hizo ni za Odisha. Tulinganishe na mwaka 1866. Wakati huo fedha zilifuata maiti. Safari hii zilitangulia upepo.

Watu laki 12, yaani milioni 1.2, walihamishiwa katika takriban vituo 9,000, vikiwemo shule na majengo mengine ya umma. Majiko 7,000 yaliwapikia. Watu wa kujitolea zaidi ya 40,000 walishiriki. Ujumbe wa simu wapatao milioni 26 ulitumwa, ving'ora vililia pwani, polisi walipita na vipaza sauti. Kabla ya hapo, mwaka 2018, jimbo lilikuwa limesimika minara ya ving'ora mahali 122 katika wilaya sita za pwani.

Ujumbe uliorudiwa ulikuwa mfupi na kwa lugha ya wenyeji: kimbunga kinakuja, nendeni kwenye majengo ya kujikinga. Haukutaja kiwango cha mgandamizo wa hewa wala nyuzi za latitudo. Mwalimu wa lugha atatambua kazi iliyofanyika hapo. Mtu fulani alikaa na taarifa ndefu ya kitaalamu akaigeuza iwe sentensi mbili ambazo bibi asiyejua kusoma anaweza kuzitii. Tafsiri ya namna hiyo ni sehemu ya uratibu kama lilivyo lori au boti, na ni rahisi mno kwa bei ukilinganisha na vyote hivyo.

Fani iliua watu 64 Odisha. Kila mmoja wao alikuwa na jina na jamaa, na hatuwahesabu kama ushindi. Lakini tukiiweka 64 kando ya karibu 10,000, tunaona kilichonunuliwa kwa miaka 20.

Gharama iliyohama

Makala nyingi kuhusu Odisha huishia hapo, kwa pongezi. Sisi tunadhani hapo ndipo swali letu la tatu linapoanza. Tathmini ya pamoja ya serikali ya jimbo na mashirika ya kimataifa ilikadiria uharibifu na hasara za Fani kuwa zaidi ya rupia bilioni 241, kiasi kinachozidi dola bilioni tatu. Nguzo za umeme zaidi ya 100,000 zilianguka, na baadhi ya maeneo ya Puri yalikaa bila umeme kwa wiki kadhaa. Nyumba takriban nusu milioni ziliharibika, pamoja na maelfu ya shule, minazi, mashamba ya tambuu na boti za wavuvi.

Uratibu uliwaondoa watu njiani mwa upepo. Haukuziondoa nyumba zao. Mvuvi aliyerudi kutoka kituoni alikuwa hai, lakini boti yake imevunjika na deni la boti hiyo bado liko kwa mkopeshaji. Zamani kimbunga kilimwua, na deni likafa naye au likawaangukia watoto. Sasa anaishi nalo. Gharama, basi, haikufutwa. Ilihama kutoka uhai kwenda riziki. Huo ni uhamisho mwema kuliko wote, na hakuna mwenye akili atakayetamani kinyume chake. Hata hivyo ni gharama, na kuna anayeilipa.

Serikali ya jimbo iliahidi familia maskini katika maeneo yaliyoathirika sana mchele kilo 50, rupia 2,000 na turubai. Serikali kuu, baada ya ziara ya Waziri Mkuu Narendra Modi, ilitangaza rupia bilioni 10 zaidi. Tukijumlisha fedha za awali na nyongeza hiyo, tunapata kiasi kisichofika asilimia sita ya hasara iliyokadiriwa. Misaada mingine iliongezwa baadaye, lakini pengo lilibaki kubwa. Ndiyo maana Patnaik alirudia ombi lake la muda mrefu kwamba Odisha ipewe hadhi maalumu, ambayo ingelipunguzia jimbo mchango wake kutoka robo moja hadi sehemu moja kwa kumi. Hoja yake ilieleweka: robo moja ya gharama inayorudi kila baada ya miaka michache ni mzigo usiolingana kwa jimbo maskini lililo njiani mwa upepo. Rupia inayojenga upya nguzo ya umeme kwa mara ya tatu ni rupia ambayo haikumwajiri mwalimu. Ombi hilo halikukubaliwa.

Kuna pia wale walio nje ya mstari wa uratibu. Mwezi Oktoba 2018 kimbunga Titli kilifika nchi kavu upande wa Andhra Pradesh, kisha mvua zake zikaishukia wilaya ya Gajapati ndani ya Odisha. Gajapati ni nchi ya milima, na miongoni mwa wakazi wake ni Wasora wenye lugha yao isiyo na uhusiano na Kiodia. Watu zaidi ya 70 walikufa katika jimbo, baadhi yao wakiwa wamejibanza pangoni kuikimbia mvua, na mlima ukaporomoka juu yao. Minara ya ving'ora ilikuwa pwani. Mfumo uliojengwa kwa kumbukumbu ya bahari haukuwa tayari kwa udongo. Kwa hiyo Titli, kimbunga dhaifu kuliko Fani, kiliua watu wengi zaidi.

Msomaji wetu wa Uganda hatahitaji kuambiwa maana ya mlima kuporomoka. Nametsi, wilayani Bududa, ni jina tunalolikumbuka tangu tarehe 1 Machi 2010. Hapa kwetu utabiri wa msimu umekuwa ukitafsiriwa katika lugha kadhaa za wenyeji, na hilo ni jambo la kusifiwa. Mfano wa Odisha unatuongezea tahadhari mbili: kwamba lugha bila mahali pa kukimbilia haitoshi, na kwamba mahali pa kukimbilia bila lugha ya anayekimbia hapajai watu.

Hitimisho

Mwezi Juni 2024 Naveen Patnaik aliondoka madarakani baada ya miaka 24, chama chake kikiwa kimeshindwa uchaguzi, na Mohan Charan Majhi wa BJP akawa Waziri Kiongozi. Miezi minne baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba, kimbunga Dana kiliipiga pwani ya kaskazini ya jimbo. Watu zaidi ya 500,000 walihamishwa kwa utaratibu ule ule: ving'ora vile vile, kamati zile zile, majengo yale yale. Kwa maoni yetu huo ndio ushahidi mzito kuliko yote tuliyoyataja. Jambo linalofanywa na kiongozi mzuri huisha anapoondoka. Jambo lililokuwa desturi ya ofisi na ya kijiji humzidi umri kiongozi huyo.

Tumeanza na methali ya ufa na ukuta. Historia ya Odisha inaiunga mkono: serikali ya 1866 na ile ya 1999 zililipa bei ya ukuta, na serikali zilizofuata zimelipa bei ya ufa. Lakini historia hiyo inaiongezea methali kifungu ambacho wahenga hawakukisema. Ufa wa nyumba yako ukiuziba leo, umemaliza. Ufa wa pwani huzibwa kila msimu, na saruji yake ni kodi ya umma, siku za ujira zilizopotea, mikopo, na imani ya watu kwamba anayewaita wahame anajua anachosema. Anayehesabu gharama za uratibu kwa kutazama majengo na boti pekee amehesabu nusu. Nusu ya pili iko kwa mvuvi aliyetii, akaokoka, akarudi kukuta boti yake vipande vipande. Asipopata msaada wa kuanza upya, iko siku atakisikia king'ora na kuamua kubaki na kilicho chake. Kwa hiyo fidia anayopewa leo si sadaka. Ni sehemu ya tahadhari ya kesho.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti ya maana kati ya maneno haya jinsi yanavyotumika katika eneo lako: tufani, kimbunga, dhoruba, gharika, mafuriko.

2. Chukua taarifa yoyote ya hali ya hewa iliyoandikwa kitaalamu. Igeuze iwe tahadhari ya sentensi mbili za Kiswahili zinazoweza kutangazwa kwa kipaza sauti sokoni. Ni habari gani umeiacha, na kwa nini?

3. "Gharama haikufutwa. Ilihama." Jadili kauli hii kwa kutumia mfano wa Fani, 2019.

4. Je, ni haki jimbo au wilaya iliyo njiani mwa maafa ichangie kiwango kile kile cha fedha na ile isiyo njiani? Toa hoja za pande zote mbili.